Nia ya Mkimbiaji

Hapa Kator hukimbia baada ya Alfajiri, jua halijawa kali. Faida za mwili, kama moyo wenye nguvu na usingizi mzuri, huzipata kila mkimbiaji, Muislamu na asiye Muislamu. Thawabu hufuata nia, kama tulivyofunzwa katika hadithi iliyopokewa na Umar bin Khattab (r.a.).

Mtazame Guor Marial. London 2012 alikataa kukimbia kwa jina la Sudan, maana ndugu zake waliuawa vitani. Nchi yetu haikuwa na kamati ya Olimpiki, basi akakimbia kilomita 42.195 chini ya bendera ya Olimpiki, akawa wa 47. Rio 2016, akiwa na bendera yetu, akawa wa 82. Mimi naona hapo ndipo aliposhinda.

Nia yangu ni mwili usinielemee kwenye swala ya usiku. Yako, akhi?