SOMO: UCHUMI UKIKUA, KAZI ZIKO WAPI?



Redioni tunasikia uchumi umekua. Hapa Marani tunaona vijana stendi wakingoja kibarua. Je, redio inadanganya? Tujifunze pamoja.

1. Okun aliona nini?
Mwaka 1962 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Arthur Okun, alilinganisha ukosefu wa kazi na pato la taifa, yaani thamani ya vitu na huduma zote zinazotolewa nchini. Aliona kimoja kikipanda, kingine hushuka. Biashara ikilala, watu hufutwa. Biashara ikiamka, huandikwa tena.

2. Nchi hazifanani
Hispania wengi walikuwa na mikataba ya muda mfupi. Uchumi ulipoanguka baada ya 2008, walifutwa haraka; kufikia 2013, karibu watu 26 katika kila 100 wa kufanya kazi hawakuwa nayo. Japani kampuni nyingi hushikilia wafanyakazi wao hata mambo yakiwa magumu, kwa hiyo hesabu hiyo hupanda kidogo tu.

3. Na kwetu?
Kwetu hakuna posho ya kumngoja mtu apate kazi. Akifutwa Nairobi anarudi nyumbani, anagawana kishamba cha ndizi na ndugu zake, ama anaendesha bodaboda ya mtu. Ukimhesabu, ana kazi. Lakini shamba la watu wawili sasa linalimwa na watano, na mikungu ni ile ile.

Wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani waliliona jambo hili Kenya mwaka 1972: wengi wanafanya kazi, tena ngumu, na bado ni maskini. Mwaka 2024 uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4.7. Nje ya ukulima mdogo zilipatikana kazi mpya 782,300, lakini 703,700 kati ya hizo ni za jua kali.

Basi redio haidanganyi. Ila tusiulize tu, "Ana kazi?" Tuulize, "Inamlipa?"

4. Ya kujadili kikundini
(a) Wiki iliyopita, kila kijana wa nyumba yako alifanya kazi siku ngapi? Alipata shilingi ngapi?
(b) Kabla ya kununua bodaboda nyingine kwa pesa za kikundi: italeta abiria wapya, ama itagawana wale wale?
(c) Ndizi zetu zinaondoka Marani zikiwa mbichi. Ni kazi gani tunazipakia kwenye lori pamoja nazo?