Watu wa Zimamoto Wakikutana Baa: Namna ya Kupanga Jioni Njema

Watu wa usalama wa moto hukutana mara nyingi, lakini hukutana siku mbaya. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji humwona fundi wa ving'ora siku king'ora kimekataa kulia. Mkaguzi humwona ofisa usalama wa kiwanda siku ya ukaguzi, mmoja ameshika kalamu, mwenzake ameshika roho mkononi. Muuza mitungi ya kuzimia moto huwaona wote anapofuatilia malipo yake. Wakiishia hapo, kila mmoja atamjua mwenzake kwa kasoro zake tu, na siku ya moto wa kweli watapigiana simu kwa mashaka.

Kwa hiyo jioni moja ya nyama choma na utani, angalau mara moja au mbili kwa mwaka, ni sehemu ya kazi. Inastahili kupangwa kwa makini uleule tunaoupa zoezi la kuwatoa watu jengoni. Mbinu hizi zinafaa Dar es Salaam, na mji wowote wenye baa za makuti na watu wa zamu.

Tarehe kwanza

Epuka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mishahara imetoka, baa zimefurika, foleni haiendi, na hakuna atakayesikia mwenzake anasema nini. Wiki ya kwanza au ya pili ya mwezi ni nzuri zaidi: mfukoni bado kuna kitu na meza zinapatikana. Usipange ndani ya Ramadhani, na siku nyingine anzeni baada ya swala ya magharibi ili asiwepo wa kuchelewa kwa sababu ya ibada.

Kama mnataka siku yenye maana, ipo tarehe 4 Mei, Siku ya Kimataifa ya Wazima Moto. Ilianzishwa baada ya wazima moto watano wa kujitolea kufa pamoja katika moto wa msituni huko Linton, Australia, tarehe 2 Desemba 1998. Kuinua glasi siku hiyo, ya bia au ya maji, ni heshima wanayoielewa watu wa kazi hii popote walipo.

Toa tarehe mbili, usitoe moja. Askari wa zamu hawezi kubadilishana na mwenzake kwa taarifa ya siku mbili. Ukishatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, waache watu wapige soga. Usiwakatishe ukidai majibu ya "nipo" na "sipo", maana hapo ndipo jioni inapoanza. Mazungumzo huenda hivi:

"Wakuu, Alhamisi ya wiki ijayo, saa moja usiku. Nani yupo?"

"Nipo," anasema fundi wa ving'ora, "ila nisiwekwe karibu na afande. Safari iliyopita alinikagua hadi viatu."

"Fundi, viatu vyako vilikuwa na hitilafu. Nilikupa siku saba urekebishe."

"Mimi nina soli zisizoshika moto," anadakia muuza mitungi. "Bei ya kujuana."

"Kaka, kwako kila kitu bei ya kujuana," anajibu dada mkaguzi. "Tukizidi kujuana tutafilisika."

Hapo kila mmoja ametupiwa jiwe na kila mmoja amelirudisha. Hakuna aliyeumia, kwa sababu kilichotaniwa ni mazoea ya kazi yake. Mpangaji akiona mazungumzo ya namna hii, ajue watu watakuja.

Utani uwe na mipaka

Tanzania tuna shule ya zamani ya jambo hili. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Wasukuma na Wazaramo pia ni watani, na Wachaga na Wapare. Mtani anaweza kuingia msibani akamwigiza marehemu namna alivyotembea au alivyopenda pesa, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Anaruhusiwa kwa sababu kesho msiba ukiwa kwake, wao pia watakuja kufanya hivyo hivyo. Haki ya kutania inakuja pamoja na wajibu wa kutaniwa.

Chukueni kanuni hiyo mezani. Tania mazoea ya kazi: mkaguzi anayealikwa harusini akauangalia mlango wa dharura kabla ya kumwangalia bibi harusi, fundi ambaye king'ora cha nyumbani kwake kimetolewa betri kwa sababu hulia kila samaki wakikaangwa, muuza mitungi ambaye ukimaliza soda utakuta ameshakuandikia profoma. Kila mtu hujitambua, hucheka, hujibu.

Halafu angalia nani ana uwezo wa kujibu. Askari mpya hawezi kumrudishia ofisa wa nyota tatu. Dawa yake ni wakubwa kuanza kwa kukubali kutaniwa wao. Afande akicheka kwa moyo anapoambiwa kwamba hata chumvi huomba kwa redio ya upepo, vijana wote wa mezani hupumua.

Yapo mambo ya kuachwa nje ya mlango. La kwanza ni tukio lililoua watu. Moto wa lori la mafuta pale Morogoro, Agosti 2019, uliua watu zaidi ya 100, na huwezi kujua nani kati ya walioketi aliwabeba majeruhi siku ile. La pili ni rushwa na vyeti: hata kwa mzaha, neno hilo linamtia mkaguzi mwadilifu doa mbele ya watu anaowakagua.

La tatu ni ule mzaha wa mtaani kwamba gari la zimamoto limekuja bila maji. Askari anausikia huku nyumba inaungua na umati unamzomea. Gari lenye lita 5,000, likitoa lita 1,000 kwa dakika, linakauka kwa dakika tano, na kama jirani hakuna bomba la maji la zimamoto lazima likajaze mbali. Mwenye fani anaijua hesabu hiyo, kwa hiyo kwake mzaha huo ni tusi.

Baa ikaguliwe na mmoja, tena mapema

Watu wa fani hii hawaingii mahali bila kutafuta mlango wa kutokea. Wakifika kumi na wote wakaanza kuhesabu mitungi ukutani, jioni imegeuka ukaguzi. Mteueni mtu mmoja aende siku chache kabla, na aende usiku baa ikiwa imejaa. Mlango unaoonekana mpana saa sita mchana unaweza kuwa umezibwa na makreti ya bia saa tatu usiku.

Aanze na njia za kutokea. Ziwe angalau mbili, mbali mbali, na milango ifunguke kwa kusukuma kwenda nje. Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1942, watu 492 walikufa katika klabu ya Cocoanut Grove: mlango mkuu wa kuzunguka ulikwama kwa msukumano, na milango mingine ilikuwa imefungwa. Tarehe 20 Februari 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani katika klabu ya The Station huko West Warwick, jimbo la Rhode Island. Walikufa watu 100, na umati mkubwa ulikuwa umekimbilia mlango ulioingilia ingawa milango mingine ilikuwepo. Baa zetu nyingi hufunga mlango wa nyuma kwa kufuli ili mteja asitoroke bila kulipa. Ukikuta kufuli hilo na meneja hataki kulitoa, tafuta baa nyingine.

Kisha ainue macho. Paa la makuti linapendeza na linapooza, lakini makuti makavu hushika moto haraka sana. Jiko la nyama choma liwe nje ya kivuli chake, upande ambao upepo hausukumi cheche kuelekea paani. Afuate nyaya zinazopita kwenye nguzo hadi kwenye spika: kama taa, friji ya bia na muziki vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, hiyo si baa ya kupeleka watu wazima wenye familia. Jenereta na dumu lake la petroli visiwe karibu na jiko.

Jikoni, mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa chini na kusubiri cheche. Kwenye karai la chipsi pawepo mfuniko mkubwa au blanketi la moto, na mpishi aulizwe atafanya nini mafuta yakiwaka. Akijibu "namwaga maji", kaa naye dakika mbili umweleze: maji yakiingia kwenye mafuta hayo hugeuka mvuke papo hapo, ujazo wake huongezeka takribani mara 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye makuti. Azime jiko, afunike, asilisogeze karai.

Mitungi ya kuzimia moto nayo itazamwe: pini na lakiri vipo, mshale uko kwenye kijani, lebo ya fundi haijapitwa na wakati. Mtungi wa gesi ya kabonidayoksaidi hauna mshale, hupimwa kwa mizani, kwa hiyo hapo lebo ndiyo ya kusomwa.

Mwisho, ajue namna ya kuelekeza njia. Namba ya zimamoto Tanzania ni 114, na atakayepokea simu atataka alama inayoonekana: kituo cha daladala, msikiti, kanisa, kituo cha mafuta. Aangalie pia kama magari ya wateja yameziba geti ambalo gari la zimamoto lingepitia.

Zungumza na meneja kwa adabu

Mwenye baa akisikia "sisi ni watu wa zimamoto" hudhani amefuatwa. Mwambie mnakuja kama wateja, idadi yenu na saa. Kisha omba jambo moja au mawili: "Bosi, siku hiyo tunaomba mlango wa nyuma usifungwe kufuli. Kama ni hofu ya wateja kutoroka, mweke kijana asimame pale." Ombi la namna hiyo hukubaliwa mara nyingi, na wateja wengine wote wa usiku huo wanafaidika. Usitumie cheo kupata meza nzuri wala punguzo. Mkaguzi aliyekula bure Alhamisi hataweza kuandika kasoro Jumatatu.

Fedha zikae wazi

Kila mtu ajilipie. Muuza mitungi au kampuni ya mafundi isigharamie bia za wakaguzi, hata kama ni kwa nia njema. Sheria ya kuzuia rushwa ipo, na urafiki wenye deni huzima utani: huwezi kumtania anayekulipia. Kusanyeni mchango wa nyama na ndizi mapema kwa simu, mweka hazina atume hesabu kwenye kundi, na vinywaji kila mmoja aagize vyake. Wanywa soda wasigawanyiwe bili ya bia.

Nyama iagizwe mahali panapochinja kihalali ili meza nzima ile sahani moja. Mwenye hamu ya kitimoto aagize pembeni, kwa sahani na kisu chake. Mpangaji asimgeuze dada wa kikosi kuwa mhudumu wa meza. Amekuja kama wenzake, na naye ana zamu yake ya kutania.

Viti, zamu na aliyenyamaza

Kila mtu wa fani hii anataka kiti kinachoutazama mlango. Weka meza ubavuni mwa ukuta ili wengi wauone mlango, na waliobaki muwaache wagombane kwa raha, kwani ni utani wa bure wa nusu saa. Aliye kwenye zamu ya kuitwa hanywi pombe kabisa, na asishawishiwe hata kwa "moja tu". Wenye magari na pikipiki wapangiwe mapema dereva asiyekunywa, au wapande bajaji.

Mtazame aliyenyamaza. Huenda juzi ametoka kwenye nyumba ambamo hawakuwahi kumtoa mtoto. Asisukumwe asimulie, wala asitaniwe kwa ukimya wake. Mkubwa mmoja asogeze kiti, akae naye, amuulize kama amekula. Akitaka kuondoka mapema, mtu amsindikize, na kesho yake apigiwe simu. Baada ya usiku mgumu, watu wengi hawaendi kwa mshauri. Hubaki na wenzao, kwa hiyo wenzao wawe watu wanaojua kusikiliza.

Siku inayofuata

Asubuhi mpangaji atume hesabu ya mwisho, amshukuru meneja, na akabidhi kazi kwa upande mwingine: safari hii wameandaa mafundi, ijayo waandae wakaguzi, kisha askari. Hivyo hakuna kundi linalogeuka mwenyeji wa kudumu na wengine wageni.

Faida ya yote haya huonekana kazini. Mfumo wa jengo ukilia saa nane usiku bila moto, askari anamjua fundi wa kumwamsha, na fundi anapokea kwa sababu anaijua sauti hiyo. Mkaguzi akiandika kasoro, ofisa usalama anampigia kuuliza namna ya kuirekebisha badala ya kutafuta namna ya kuificha. Watu waliowahi kucheka pamoja huambiana ukweli mapema, na katika kazi ya moto mapema ndiyo kila kitu. Fungua kalenda, chagua Alhamisi mbili, watumie wenzako leo.