Somo la Afya: Mzee Ashikwe Mshipa kwa Daktari wa Meno



Harufu ya chumba cha daktari wa meno si ngeni kwetu, maana ni harufu ya karafuu. Mafuta yanayotolewa katika makonyo, kama yale ya kiwanda cha Wawi, yana yujenoli kwa wingi, nayo ndiyo hutuliza jino, na huchanganywa na unga wa zinki kufanya dawa ya kuzibia pango. Kwa kuwa karafuu tunayo majumbani, wengi wetu, na hasa wazee, hubana chembe moja juu ya jino linalouma, maumivu yakapoa, na safari ya hospitali ikaahirishwa. Hatimaye jino hushinda karafuu, na mzee huenda. Basi siku hiyo, akiwa amekaa anangojea zamu yake, twaona inafaa atazamwe pia jambo jingine ambalo halikumtoa nyumbani, nalo ni moyo wake.

Uko ugonjwa ambao moyo hupiga ovyo, bila mpango. Madaktari wana jina lake refu. Sisi tutauita moyo wa kupiga ovyo. Vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kujikaza na kusukuma damu, hutetemeka tu. Damu iliyomo hukawia, kama maji yaliyotuama pembeni mwa bonde la mpunga, na damu inayokawia huganda. Donge likichomoka na kupanda hata kwenye ubongo huziba mshipa, na mtu akapatwa na kiharusi. Mwenye ugonjwa huu hukabiliwa na hatari ya kiharusi yapata mara tano kuliko mwenziwe asiyekuwa nao. Baadhi ya wagonjwa huhisi moyo kwenda mbio, kizunguzungu au uchovu, lakini wako wasiohisi kitu chochote, na hao ndio hatuwapati. Jino huuma, mtu akaenda hospitali. Moyo huu hauumi.

Je, ugonjwa huu uko kwetu? Uko, lakini si mwingi kama Ulaya. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipimwa wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa wenye moyo wa kupiga ovyo hawakufika mmoja katika kila mia. Mwanachama aweza kuuliza, mbona basi mwatusumbua? Jibu letu ni kwamba kwa ugonjwa wa nadra namna hii haifai kufanya msafara wa mashine na magari kijiji kwa kijiji. Lakini dakika moja ya kushika mkono wa mzee ambaye tayari yupo kitini haina gharama yoyote. Tena mkono ule ule hufungwa kipimo cha presha, na presha haina unadra hata kidogo. Katika hospitali za Unguja, mwaka 2018 hadi 2019, waliandikishwa wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 800 katika muda wa miezi kumi na miwili, na wengi wao walikuwa na presha.

Njia hii ya kumtazama mtu aliyekuja kwa haja nyingine imekwisha kujaribiwa. Uingereza, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa wa miaka 65 na zaidi walishikwa mshipa kila walipofika kwa daktari wao kwa lolote lile. Wagonjwa wapya wa moyo walioonekana kwa njia hiyo walikuwa sawa na walioonekana kwa kuwaita wazee wote wapimwe kwa mashine, ila kazi ilikuwa ndogo zaidi. Wale walikuwa madaktari wa kawaida, lakini hatuoni sababu ya daktari wa meno kushindwa, maana wazee huketi mbele yake vile vile.

Namna ya kushika ni hii. Mzee apumzike dakika tano. Weka ncha za vidole vitatu upande wa ndani wa kiwiko cha mkono, chini ya kidole gumba. Gumba lako usilitumie, lina mapigo yake lenyewe. Hesabu kwa saa dakika nzima, si nusu. Aliyepumzika aghalabu hupata mapigo 60 hadi 100. Lakini sikiliza mpango kuliko idadi: moyo mzima huenda kama mchi wa mtwangaji hodari, na moyo wa kupiga ovyo huenda kama matone ya mwisho wa mvua juu ya bati. Pigo moja kuruka mara chache si ugonjwa huu. Hofu ya koleo la meno huongeza mbio za moyo, lakini haiharibu mpango wake. Na ishikwe kabla ya sindano ya ganzi, kwani baadhi ya ganzi zina dawa ya kuuhimiza moyo.

Ikiwa mapigo hayana mpango, hilo ni la kuchunguzwa tu, bado si hukumu. Mzee apelekwe akapimwe umeme wa moyo. Kwa sisi wa Gombani, pa kuanzia kuuliza ni Hospitali ya Chake Chake. Ukithibitika, daktari huenda akampa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile wafarini, ambayo yataka damu ipimwe mara kwa mara. Aspirini haishiki nafasi yake, ingawa wengi hudhani hivyo.

Mwenye kutumia dawa hiyo amwambie daktari wa meno kabla hajang'olewa jino, wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Daktari anazo njia za kuzuia damu, kwa pamba na kwa kushona. Mafuta ya karafuu asiyanywe kama dawa, maana nayo yaweza kuzidisha kutoka damu. Na msimu ukifika, mkarafuu awaachie vijana, yeye abaki chini kuchambua, kwa sababu kuanguka kwa mtu ambaye damu yake haigandi upesi ni hatari mara mbili.