Usitoke wodini kabla mikono yako haijajifunza

Wadogo zangu, leo tuzungumzie siku ile daktari anaposema, "Mama yenu yuko sawa, mwende naye nyumbani." Kila mtu anafurahi. Mmoja anapiga simu kutafuta gari, mwingine anakunja shuka na kukusanya vikombe. Naomba mtulie kwanza. Mzee aliyepatwa na kiharusi, au aliyelazwa kwa sababu ya sukari, bado ni mgonjwa. Kilichobadilika ni kwamba muuguzi sasa ni wewe.

Kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na wengi wenu mkishuka hapo bado mna safari ya bodaboda kwenda kijijini au kambini. Swali ulilosahau kuuliza wodini litakugharimu nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo uliza ukiwa bado hapo, na usikubali kuelezwa kwa maneno tu. Sema, "Sista, acha nifanye mimi, wewe unitazame." Mgeuze mgonjwa ubavu huu na ule, maana asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni itaoza. Mlishe uji mbele ya muuguzi, akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mara tu anapomaliza. Akikohoa kila anapomeza, sema hapo hapo. Kama ana mpira wa mkojo, jifunze kumwaga mfuko wake, na ujue kwamba mfuko hukaa chini ya kibofu lakini haugusi sakafu.

Halafu dawa. Hapa ndipo ninapowasihi hasa. Toeni vidonge vyote vilivyo nyumbani, vya mwaka jana na vile alivyopewa na jirani, mviweke mezani mbele ya daktari au mfamasia. Dawa moja ya presha inaweza kuwa na majina mawili kwenye pakiti mbili, mzee akazimeza zote, kisha akaanguka akienda msalani. Dawa za miti shamba nazo zitajeni bila aibu. Kama anayemtunza hajui kusoma, chukua kalamu uchore kwenye kila pakiti: jua kwa dawa ya asubuhi, mwezi kwa ya usiku, na vistari kuonyesha ni vidonge vingapi. Mwambie akurudishie maelezo kwa mdomo wake. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kusaidia kukumbusha, lakini asiachiwe kazi hiyo peke yake.

Wanaodunga insulini huuliza sana: sina friji, nifanye nini? Chukua chungu kidogo cha udongo, kiweke ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati na uuloweshe maji asubuhi na jioni. Insulini itie kwenye kikopo kisichoingiza maji, iingie chunguni, funika kwa kitambaa kibichi, kisha weka kivulini penye upepo. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto lililopimwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab. Insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Mchana wa kwetu unaweza kupita 37, ndiyo maana nasema chungu.

Nyumba ya bati mchana ni tanuri. Mtoe mzee nje, umkalishe chini ya mwarobaini, umpe maji hata kama hasemi ana kiu, kwa sababu wazee huchelewa kuhisi kiu. Ila kama moyo au figo ndizo zinazougua, uliza kabla ya kutoka hospitalini anywe kiasi gani. Na kiti cha magurudumu hukwama kwenye mchanga; shindilieni njia ya udongo mgumu kutoka mlangoni hadi chooni kabla hajafika.

Mtafuteni pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu mwaka 2023 serikali imewagawia mikoba yenye kipima presha na kipima sukari. Mwonyesheni karatasi za hospitali wiki ya kwanza. Lakini mkiona mgonjwa amechanganyikiwa ghafla, anapumua kwa shida, mkojo umekauka, au upande mmoja wa mwili umelegea, msimsubiri mhudumu. Rudini hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa wewe msichana unayelala mlangoni mwa chumba cha nyanya kila usiku: kuchoka kwako si utovu wa heshima. Mgongo wako ukiharibika, nyanya hatakuwa na mtu wa kumgeuza. Dai zamu yako ya kulala.

Nanyi kaka zetu mlioko Nairobi, Eldoret na Kitale, hela za M-Pesa tunazishukuru, lakini hazimgeuzi mzee saa nane usiku. Chukueni likizo, mje, mlale kwenye mkeka hapo mlangoni siku chache, dada yenu apumzike.