Hita ya maji kando ya Ziwa Tanganyika: namna ya kuitunza idumu

Ukitaka kujua hita ya maji itaishi muda gani Kigoma au Ujiji, anza na ziwa. Maji ya bomba yanayosambazwa na mamlaka ya maji ya mji, KUWASA, hutoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina tabia yake. Lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia huondoka kwa mvuke, madini yakabaki nyuma. Kutoka kaskazini, Mto Ruzizi huongeza madini mengine ya nchi ya volkano ya Ziwa Kivu.

Matokeo yake ni maji yenye takriban miligramu 40 za magnesi na 10 za kalisi kwa kila lita, na pH inayokaribia 9. Yakitibiwa ni maji mazuri ya kunywa. Yakipashwa moto, madini hayo huganda juu ya chuma chenye joto. Ufukweni penyewe kazi hiyo inaonekana: mwaka 1987 wanajiolojia walieleza kwa kina matabaka ya chokaa yanayojijenga kwenye maji ya kina kifupi ya ziwa hili. Ndani ya tangi la hita jambo hilo hilo hufanyika, ila kwa kasi.

Nyumba za wageni ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa hita zao huwaka kila siku. Dalili ya kwanza ni sauti. Tangi huanza kutoa milio midogo ya kupasukapasuka, kama mahindi yanayokaangwa. Baadaye maji ya moto huisha mapema kuliko zamani, na mwisho breka hukatika kila hita inapowashwa. Nimeshuhudia elementi ikitolewa kwenye tangi la lita 80 ikiwa imenenepa kwa ukoko mweupe wenye rangi ya krimu, waya wenyewe hauonekani. Chini ya tangi palikuwa na mchanga wa vipande vya ukoko uliobanduka, wa kujaza kopo. Ukoko huo huzuia joto lisitoke kwenye elementi kwenda majini. Elementi hupata moto kupita kiasi, kisha hupasuka au hukatika.

Kwa maji haya, hita ifunguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka. Kazi ya waya ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, lakini mwenye nyumba anapaswa kuujua mpangilio wake ili asidanganywe.

Kwanza umeme unazimwa kwenye breka, si kwenye swichi ya ukutani pekee, na fundi anahakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme. Maji yaachwe yapoe. Kisha valvu ya maji baridi inafungwa, bomba la maji ya moto linafunguliwa ili hewa iingie, na tangi linamwagwa kupitia valvu ya usalama au tundu lake la kutolea maji. Ndipo elementi inafunguliwa. Ukoko usigongwe kwa nyundo wala patasi, kwa sababu ganda la elementi ni jembamba. Ilowekwe kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya vuguvugu mpaka povu likome, isuguliwe kwa brashi laini, isuuzwe. Asidi ya betri isikaribie kabisa: hula chuma na kuunguza mikono.

Mbali na elementi, matangi mengi ya chuma yana fimbo ya anodi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Wengi hawajui kama ipo, kwa hiyo huisha kimyakimya, na baadaye tangi linatoboka. Ikishaonyesha waya wake wa ndani, ibadilishwe. Mpira wa kuzibia nao ubadilishwe, kwani ukirudishwa uliokwisha kukakamaa, maji yatavujia kwenye nyaya.

Kosa linaloua elementi mpya ni kuwasha umeme kabla tangi halijajaa. Fungua maji baridi, acha bomba la moto wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Hapo ndipo breka irudishwe. Minya pia valvu ya usalama itoe maji kidogo. Iliyoganda ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana ndiyo inayozuia tangi kupasuka themostati ikiharibika.

Themostati iwekwe nyuzi 60. Chini ya 45, bakteria wa Legionella huzaliana vizuri. Juu ya 60, ukoko hujengeka haraka na maji huunguza ngozi kwa sekunde chache. Hesabu ya umeme wa LUKU pia ni rahisi: maji ya ziwa huwa na nyuzi 25 hivi, na kupasha lita 80 kutoka hapo hadi 60 huchukua takriban uniti 3.3. Elementi ya kilowati 1.5 huifanya kazi hiyo kwa saa mbili na dakika kumi hivi. Hakuna haja ya kuiacha ikiwaka usiku kucha.

Kwenye magari ya wasafiri yenye vyumba vya kulala, yanayopiga kambi ufukweni, kanuni ni zile zile, ila tangi ni dogo na mara nyingi linatumia gesi. Barabara mbovu hulegeza maungio, kwa hiyo yakaguliwe kwa povu la sabuni kila baada ya safari ndefu. Bomba la moshi litazamwe pia: nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo, na moshi ukizuiwa, hewa ya sumu huingia ndani ya gari.

Nyumba au gari likikaa bila kutumika, mwaga tangi lote. Ulaya humwaga kwa kuogopa barafu. Hapa tunaogopa maji yaliyolala. Matunzo kabla ya kuacha chombo yana kumbukumbu kubwa katika ziwa hili. Julai 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Graf von Götzen karibu na Kigoma, mafundi walikuwa wamekwisha kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa nguvu ya mvuke, kwa jina la Liemba.

Mwenye nafasi avune maji ya mvua, ambayo hayana madini haya, na kuyaelekeza kwenye hita kuanzia Novemba hadi Mei. Wengine wote tuandike tarehe ya usafishaji ubavuni mwa tangi kwa kalamu ya wino mzito. Kama hita yako haijawahi kufunguliwa tangu iwekwe ukutani, mwite fundi wiki hii.