Kabla hujakopi msimbo wa mtu

Mfumo endeshi huria unaupakua bila kutoa hata senti, na hapo ndipo wengi hujisahau. Msimbo ule una wenyewe, na wenyewe wameweka masharti. Kama una mazoea ya kuchota vipande vya Linux au BSD na kuvitia kwenye kazi yako, pitia haya kwanza.

1. Tafuta kile ambacho leseni haikukitaja. OpenBSD, mfumo ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, ulikuwa ukitumia IPFilter ya Darren Reed kuchuja mawasiliano ya mtandao. Leseni ya IPFilter iliruhusu kuitumia na kuisambaza, mradi tangazo libaki na mwandishi atambuliwe. Kuibadilisha? Kimya. Watu wakachukulia kwamba ruhusa hiyo imo, wakaendelea kuifanyia marekebisho. Mwaka 2001 Reed akaweka wazi kwamba kwake yeye kimya kile hakikuwa ruhusa. Mwezi Mei de Raadt akaing'oa, mfumo ukabaki bila mlinzi mlangoni. Daniel Hartmeier akaketi kuandika mbadala, PF, nayo ikatoka na OpenBSD 3.0 Desemba ya mwaka huohuo. Baadaye PF ikaingia FreeBSD na hata kompyuta za Apple. De Raadt ana sifa ya ukali, lakini hapa namuunga mkono: afadhali miezi michache ya taabu kuliko kujenga juu ya kiwanja chenye mgogoro.

2. Maandishi ya juu kabisa ya faili usiyaguse. Mwaka 2007 baadhi ya watengenezaji wa Linux walichukua msimbo wa Reyk Floeter wa OpenBSD, unaoendesha kadi za Wi-Fi za Atheros. Leseni yake, ISC, ni fupi sana na inadai jambo dogo: tangazo la hakimiliki na la ruhusa libaki katika kila nakala. Katika mabadiliko yaliyopendekezwa, tangazo hilo likafutwa na leseni ya GPL ikawekwa mahali pake. Zogo lake halikuwa dogo! Ungeongeza mistari elfu moja ya kwako, bado ya mwenzio ingebaki na masharti yake.

3. Usidhani kila leseni huria inakaa na leseni huria nyingine. ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili uliotoka kampuni ya Sun, uko chini ya leseni ya CDDL. Keneli ya Linux iko chini ya GPL. Zote mbili ni leseni huria zinazotambulika, ila kila moja inataka kazi iliyotokana nayo ifuate masharti yake. Kampuni ya Canonical ilipoiweka ZFS ndani ya toleo lake la Linux, Ubuntu 16.04, mwaka 2016, wanasheria wake waliona hakuna tatizo. Shirika la Software Freedom Conservancy likasema GPL imevunjwa. Watengenezaji wa Debian, toleo jingine la Linux, wamechagua njia ya tahadhari: wanakupa msimbo, uujenge mwenyewe kwenye mashine yako.

4. Andika umechota wapi, siku ileile. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliishtaki kampuni ya BSDi, kisha Chuo Kikuu cha California (Berkeley), BSD ilikozaliwa, nacho kikaunganishwa, ikidai BSD imebeba msimbo wake wa Unix. Suluhu ilipatikana 1994. Katika faili zipatazo 18,000, zilizotakiwa kuondolewa zilikuwa tatu. Tatu tu! Ila miaka ile miwili BSD ilikuwa ikitazamwa kwa mashaka, huku Linux ikijikusanyia watu. Ndiyo gharama ya msimbo ambao asili yake inabishaniwa.

5. Una shaka? Mwandikie mwenyewe. Leseni si msahafu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, awali alikataza kuiuza, akahamia GPL mwaka 1992. Berkeley nayo, baada ya malalamiko ya miaka, ilifuta mwaka 1999 sharti la kukitaja chuo katika kila tangazo la biashara. Ila jibu lako lipate kwa maandishi. La mdomoni halitakusaidia wakigombana warithi.

6. Ya kwako usiitungie leseni. Najua inavutia kuongeza kale kasentensi kako. Acha. Chukua leseni ya MIT, ISC, BSD au GPL kama ilivyo, na uiweke kwenye folda ya juu kabisa ya mradi. Ukiacha folda bila leseni, kisheria hakuna aliyeruhusiwa kuikopi kazi yako, hata kama uliianika hadharani ukitaka watu wachukue.