SOMO: UTARATIBU WA KAZI NI WA NANI?



Katika ghala moja la tumbaku hapa Arua tulikuwa na utaratibu mzuri sana kwenye karatasi: kupokea marobota, kupima, kupanga. Siku moja mzigo wa Koboko ulifika umelowa mvua. Wenzetu wa mlangoni waliona, lakini utaratibu haukuwapa ruhusa ya kusimamisha kazi. Marobota yakapangwa, yakaota ukungu, na tuliokatwa mshahara ni sisi.

Kule Japani, katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi akiona kasoro hutoa ishara; isiporekebishwa upesi, kazi husimama. Baadhi ya watengenezaji wa programu za kompyuta wamejifunza huko. Mwaka 2001, watengenezaji 17 wa programu walikutana Utah, Marekani, wakaandika kwamba wanathamini watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na zana. Hawakusema taratibu zitupwe (wengi husoma nusu tu). Vikundi vingi vya kazi hiyo hukutana kila siku, dakika 15 hivi, kuelezana kazi imekwama wapi, na kila baada ya majuma machache huurekebisha utaratibu wenyewe.

Basi katika mazungumzo na wakubwa wa ghala tunadai hivi: anayepokea mzigo aweze kuukataa, na dakika hizo 15 zihesabiwe ndani ya saa za kazi.